Upana Kwanza: Jinsi ya Kumpimia Tangi Samaki Mkubwa Mla Nyama

Watu wa Kisumu wanaotaka kufuga oska, samaki mkubwa mla nyama, huniuliza kwanza: tangi la futi ngapi? Wanamaanisha urefu wa mbele, maana ndivyo matangi yanavyouzwa kwetu: futi mbili, futi tatu, futi nne. Nami huwauliza upana, yaani kutoka kioo cha mbele hadi kioo cha nyuma. Wengi hawajaupima kabisa, na kwa samaki mkubwa hicho ndicho kipimo kinachoamua kama ataishi vizuri au atateseka.

Oska asili yake ni Amerika Kusini, katika bonde la mto Amazon. Dukani huja akiwa mdogo kama kidole, ana madoadoa ya kupendeza na bei yake haitishi. Akilishwa vizuri huongeza sentimita mbili hivi kila mwezi katika mwaka wake wa kwanza, na akikomaa hufika sentimita 30, wengine 35. Sasa mweke huyo wa sentimita 30 katika tangi lenye upana wa futi moja, ambayo ni sentimita hizo hizo 30. Hawezi kugeuka bila kujikunja. Nimewaona wengi wa namna hiyo kwenye sebule za watu, midomo imechubuka, wamejibanza pembeni mchana kutwa, na mwenye nyumba anamsifu samaki wake kuwa ni mpole. Inaniuma kila mara, kwa sababu oska aliye na nafasi ni samaki mchangamfu. Anamtambua anayemlisha na huja mbele ya kioo kumlaki.

Kipimo ninachotumia ni hiki: chukua urefu wa samaki akiwa mzima, usiangalie alivyo leo kwenye mfuko wa plastiki. Upana wa tangi uwe angalau mara moja na nusu ya urefu huo, na urefu wa tangi uwe angalau mara nne. Kwa oska mmoja naanzia sentimita 120 kwa 60. Wawili wanahitaji sentimita 180 kwa 60, na hata hapo uwe tayari kuwatenganisha wakianza kupigana.

Kimo nakiweka mwisho. Tangi refu kwenda juu humpendeza mtazamaji, lakini oska, arowana na kambare huogelea kwenda mbele na kurudi. Fanya hesabu hii kabla hujamwendea fundi wa vioo. Tangi la urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 60 linaingia lita 324. Geuza: upana 60, kimo 45. Bado ni lita 324. Ila la kwanza linakula mita 2.52 za mraba za kioo, na la pili mita 2.34. Tena msukumo wa maji kwenye kioo hutegemea kina, kwa hiyo tangi fupi linavumilia kioo chembamba kuliko lile refu. Juu ya hayo, uso wa maji unaokutana na hewa umeongezeka kwa theluthi moja, na huko ndiko oksijeni inakoingilia. Maji ya joto hushika oksijeni kidogo kuliko maji baridi, na Kisumu ni mji wa joto ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa yenyewe imepungua uzito. Stima ikipotea usiku na pampu ikanyamaza, ule uso mpana ndio utakaompa samaki wako muda wa kumfikisha asubuhi. Kwa hiyo fundi akikuambia upana wa futi mbili si wa kawaida, mpe vipimo vyako kwa karatasi na usibadilishe.

Kuna maneno nayasikia kila mahali kwamba samaki hukua kulingana na tangi, kwamba ukimweka padogo atabaki mdogo. Usiyaamini. Kinachomdumaza ni maji machafu, na anapodumaa huwa anaumwa. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu, kupitia mashavu yake na kinyesi chake, na mla nyama hutoa nyingi zaidi kwa kuwa chakula chake karibu chote ni protini, tena hula ovyo na kuacha mabaki. Bakteria walioko kwenye kichujio huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati, ambayo ina nafuu lakini hujikusanya mpaka uitoe kwa kubadilisha maji. Oska yule yule akiwa katika lita 450 badala ya 150, amonia itachukua muda mara tatu kufikia kiwango kile kile. Ukubwa wa tangi ni muda unaojinunulia. Na kabla ya kumtia samaki mkubwa, acha kichujio kifanye kazi wiki nne hadi sita huku ukikilisha chanzo kidogo cha amonia, ili bakteria hao wazaliane.

Lakini tangi kubwa nalo lina deni lake, na deni hilo ni maji. Tuseme una lita 450 na kila wiki unabadilisha theluthi. Hizo ni lita 150, karibu mitungi minane ya lita 20. Kama mtaani kwenu maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki, au unanunua kwa mkokoteni, jiulize kwa ukweli nani atabeba mitungi hiyo mwezi wa kwanza, na nani ataibeba mwaka wa tatu. Maji ya mfereji yana klorini, basi yaache kwenye pipa lililo wazi kwa siku nzima, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Ninapomshauri mtu, pipa naliweka kwenye bajeti pamoja na tangi. Asiye na pahali pa kuweka pipa, mimi humwambia asinunue tangi la futi sita.

Uzito pia. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la sentimita 180 kwa 60 kwa 50, ukijumlisha kioo, mchanga na stendi ya chuma, linakaribia kilo 700, sawa na mifuko 14 ya saruji iliyorundikwa mahali pamoja na isiyoondoka. Kama unaishi ghorofani, mwone mwenye nyumba kwanza, na uliweke kando ya ukuta unaobeba jengo, kamwe si katikati ya chumba. Mwambie fundi wa kuchomelea aweke miguu zaidi ya minne, na juu ya stendi utandaze mbao bapa na kipande cha povu kabla ya kioo.

Kwetu huku kuna kishawishi ambacho watu wa Nairobi hawana: ziwa liko mlangoni. Mtu anashuka ufukwe wa Dunga asubuhi, anaona mbuta (sangara) mchanga au kamongo mdogo kwenye mashua, na anataka kwenda naye nyumbani. Mbuta hufika mita mbili na kilo 200. Hakuna sebule inayomtosha, na isitoshe anahitaji oksijeni nyingi sana. Mwache. Kamongo ana hadithi yake. Anapumua hewa, kwa hiyo lazima uache nafasi kati ya maji na kifuniko, na kifuniko chenyewe kiwe kizito au kifungwe, maana ana nguvu. Hatembei sana, na mtu anaweza kudhani kwamba padogo patamfaa. Lakini naye hukaribia mita mbili, na mdomo wake unauma vibaya, hata mkono wa anayesafisha tangi. Ukihesabu kwa kipimo changu utapata upana wa mita tatu, na hilo ni bwawa la saruji uani. Mumi, yule kambare wetu wa mashavu mapana, ni vivyo hivyo: hupita mita moja, hupumua hewa, na tangi likiwa wazi atatoka atambae sakafuni. Ukitaka kuwaona samaki wa ziwa wakiwa hai bila kuwafunga kwako, Makumbusho ya Kisumu yana matangi yao. Wapeleke watoto.

Madukani utakutana pia na samaki mwenye rangi ya fedha anayeitwa shaki. Ni kambare wa mto Mekong, hupita mita moja, na hupenda kuishi katika kundi. Kambare wa mkia mwekundu kutoka Amazon naye hupita mita moja. Wote wawili huuzwa wakiwa na urefu wa kiganja. Arowana wa fedha hukaribia sentimita 90 na huruka juu ya maji kukamata wadudu, kwa hiyo bila kifuniko atafia kwenye zulia.

Nakuru hali hubadilika kidogo. Mji uko juu ya mita 1,800, usiku ni baridi, na oska anataka nyuzi 24 hadi 28. Utahitaji hita, na kanuni ya kawaida ni wati moja kwa kila lita, kwa hiyo fikiria bili ya stima kabla hujachagua lita 600. Bandika povu nyuma na ubavuni mwa tangi ili joto lisitoroke. Tangi kubwa hupoa polepole, na huo ni unafuu umeme unapokatika.

Samaki akikuzidi, usimpeleke ziwani wala mtoni. Mbuta aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea kila mahali huku aina nyingi sana za fulu, samaki wadogo wa asili ya ziwa hilo, zikitoweka. Samaki wa kigeni anayetoka kwenye kioo chako anaweza pia kuleta magonjwa. Mtafutie mwenye bwawa lililofungwa, au mrudishe dukani, na kama hakuna njia nyingine ni afadhali afe kwa haraka mikononi mwako.

Na kama nafasi uliyo nayo ni ya futi nne basi, tena upana ni sentimita 45, bado unaweza kufuga mla nyama mwenye tabia. Samaki aitwaye Jack Dempsey hufika sentimita 20 na kitu, nawe mfuge mmoja tu; ana rangi ya buluu inayong'aa na ujasiri wa kukukodolea macho. Kwa futi tatu mchukue Pantodon, samaki-kipepeo wa Afrika Magharibi, asiyezidi sentimita 13, anayekaa juu kabisa ya maji akivizia wadudu. Mwekee mimea inayoelea, punguza mkondo wa pampu, na funika tangi vizuri.