Kwa ripota mpya: kamera yako imesimama wapi?

Ukiwa ndiyo kwanza unaanza kazi kwenye chumba cha habari cha televisheni, siku utakayotumwa kwenye maandamano yaliyogeuka vurugu, angalia kwanza mahali kamera ilipo. Mara nyingi tunasimama nyuma ya polisi kwa sababu ndiko kwenye usalama, na simlaumu mtu kwa hilo. Lakini ukiwa nyuma ya ngao, kila jiwe linakujia wewe, na mtazamaji naye linamjia. Rungu linapoangukia hupaoni. Unaona migongo ya askari tu.

Mwaka wangu wa kwanza niliandaa taarifa ya dakika mbili. Nilianza na kijana anarusha jiwe, kisha askari wanakimbia mbele. Mhariri wa zamu akaomba picha ghafi, akaweka kidole kwenye saa iliyo pembeni mwa picha: askari walitangulia kwa dakika nne. Sikuwa nimeandika neno la uongo hata moja, ila nilikuwa nimebadilisha aliyeanza. Tukaipanga upya, tumebakiza dakika chache kuingia hewani.

Wakubwa nao yamewakuta. Tarehe 18 Juni 1984, kule Orgreave, Uingereza, wakati wa mgomo wa wachimba makaa ya mawe, taarifa ya BBC ilionyesha wachimbaji wakirusha mawe, halafu polisi wa farasi wakiwavamia. Wachimbaji walisema mambo yalikwenda kinyume na hivyo. Mwaka 1991 BBC ilikiri kwamba mpangilio wa picha uligeuzwa, ikasema lilikuwa kosa la haraka. Wachimbaji 95 walikuwa wameshtakiwa, na kesi ilishaanguka tangu 1985.

Lugha yetu nayo ina maficho yake. "Mtu mmoja amefariki katika vurugu." Amefariki vipi? Kama polisi walimpiga risasi na umethibitisha, andika "polisi walimpiga risasi". Kama hujathibitisha, sema kwamba hujathibitisha. Na neno "wahuni" lisitoke kinywani mwako ati kwa sababu msemaji wa polisi amelitumia.

Tazama pia unawahoji wapi. Kamanda anaongea akiwa ameketi, nyuma yake bendera, sauti safi. Mwandamanaji anaongea akihema katikati ya moshi, sekunde sita. Mtafute baadaye, akae, amalize sentensi yake.

Nchini Marekani, Tume ya Kerner, iliyochunguza ghasia za 1967 katika mitaa ya watu weusi, iliandika mwaka 1968 kwamba vyombo vya habari viliitazama nchi kwa macho ya wazungu, na kwamba weusi hawakufika asilimia 5 ya wanahabari. Kwa hiyo kwenye kikao cha asubuhi uliza nani kati yenu anaufahamu mtaa ule. Kama hakuna, rudi huko kesho yake, moshi ukiwa umetulia, ukawasikilize wanaokusanya vioo vilivyovunjika mlangoni kwao. Saa hiyo kamera nyingine huwa zimeshaondoka.