Mdogo wangu anashikiliwa kwa tuhuma za ugaidi: polisi wana siku ngapi?

SWALI

Asalaam aleikum wakili. Mdogo wangu ni fundi wa simu hapa Mumias. Alhamisi mwendo wa saa kumi na mbili jioni walikuja watu waliovaa kiraia, wakamchukua kibandani kwake pamoja na simu zote, hata za wateja. Tulipoenda kituoni tuliambiwa jina lake halimo kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo. Hatukujua yuko wapi hadi Jumatatu, tulipopigiwa simu kwamba amefikishwa mahakamani Nairobi na hakimu ameruhusu ashikiliwe siku 21 uchunguzi wa ugaidi ukiendelea. Hajasomewa shtaka lolote. Siku hizo zinatoka kwa sheria gani, na zinaweza kuongezwa? Anasema pia anashinikizwa atie sahihi maelezo. Vijana wa mtaani wanataka tuandamane, lakini wazee wanahofia nasi tutaitwa magaidi. Tufanye nini?
Dada yake, Mumias

JIBU

Waalaikum salaam, dada yangu. Poleni sana nyumbani, na umpe mama pole zangu. Nitaanza na hesabu ya siku, kwa sababu tarehe inakaribia.

Katiba yetu ya Kenya, ibara ya 49, inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na isizidi saa 24. Saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, polisi wana hadi mwisho wa siku ya kazi inayofuata. Mdogo wako alichukuliwa Alhamisi jioni, kwa hiyo saa 24 ziliisha Ijumaa jioni, mahakama zikiwa zimeshafungwa. Kisheria walikuwa na muda hadi Jumatatu jioni. Inauma, lakini kwa hesabu ya saa peke yake hamna kesi hapo. Watu wengi hukamatwa karibu na wikendi, na familia hupoteza nguvu zikibishania saa hizo badala ya kushughulikia lililo na uzito zaidi.

Lililo na uzito ni kwamba hamkuambiwa yuko wapi. Ibara hiyo hiyo inampa haki ya kuambiwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa, haki ya kunyamaza, na haki ya kuwasiliana na wakili au mtu mwingine anayeweza kumsaidia. Kituo kinachomshikilia mtu lazima kimwandikishe. Mtu akichukuliwa na kila kituo kikikana, msisubiri Jumatatu. Wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu siku hiyo hiyo, iwe Kakamega, Kisumu au kwingineko, kuomba amri ya habeas corpus, yaani polisi waamriwe kumleta mtu huyo mbele ya jaji na kueleza wamemshika kwa sheria gani. Ibara ya 25 inazitaja haki nne ambazo haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote ile: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kupata kesi ya haki, na hiyo amri ya habeas corpus. Hakuna mahali ibara hiyo inaposema "isipokuwa kwa ugaidi". Hata sasa, wakili wake anaweza kuieleza mahakama kuhusu siku ambazo alikuwa hajulikani alipo. Andikeni kila kitu mkiwa bado mnakumbuka: saa aliyochukuliwa, namba ya gari kama kuna aliyeiona, mlienda kituo kipi, na nani aliwajibu.

Sasa hizo siku 21. Zinatoka kwenye Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012, kifungu cha 32 na 33. Polisi wakitaka kukaa na mshukiwa kupita saa 24 bila kumshtaki, lazima wamlete mahakamani na waombe. Amri ya kwanza haiwezi kuzidi siku 30. Wanaweza kurudi kuomba nyongeza, lakini siku zote zikijumlishwa haziwezi kupita 90. Kwa hiyo ndiyo, zinaweza kuongezwa. Haziongezwi kimyakimya, wala afisa wa uchunguzi hawezi kujiongezea mwenyewe. Siku ya 21 ikifika, wamshtaki, wamwachilie, au wasimame tena mbele ya hakimu.

Hapo kwenye kusimama tena ndipo ninapotaka uweke nguvu zako zote. Ombi lao linaandamana na hati ya kiapo, na sheria inawataka waeleze kosa lenyewe ni lipi, ushahidi walio nao ni wa aina gani kwa jumla, wameshachunguza nini, wamebakiza nini, na kwa nini hawawezi kumaliza bila yeye kuwa ndani. Hakimu naye anatakiwa kupima kama kuna sababu nzito: je, atatoroka? Ataharibu uchunguzi au kuwatisha mashahidi? Atatenda kosa akiwa nje? Usalama wake mwenyewe uko hatarini? Pingamizi la mshukiwa lazima lisikizwe.

Mimi naona maombi haya yanapita kwa wepesi mno, na sababu kubwa ni kwamba mara nyingi hakuna anayeyapinga. Kijana anasimama kizimbani peke yake, familia iko mamia ya kilomita mbali, hati ya kiapo inasema "uchunguzi ni mpana na wa kimataifa", basi siku zinatolewa. Siwalaumu mahakimu tu. Afisa akishatamka neno ugaidi, ni nani anataka kuwa hakimu aliyemwachilia mtu ambaye kesho ataonekana kwenye taarifa ya habari? Hofu hiyo ina msingi. Nchi hii ilizika watu 67 baada ya shambulio la jengo la maduka la Westgate Septemba 2013, na 148 baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, wengi wao wanafunzi waliotoka kila pembe ya nchi. Nami nataka wanaopanga mambo kama hayo washikwe. Ndiyo maana nataka hati ya kiapo isomwe mstari kwa mstari na mtu anayejua kuuliza maswali.

Kwa hiyo, kwanza kabisa, pata nakala ya ombi la kwanza, hati yake ya kiapo na amri ya hakimu. Kesi ina namba hata kama hakuna shtaka, na karani wa mahakama atakupa ukiilipia ada ndogo. Kesi nyingi za ugaidi husikizwa mahakama ya Kahawa, Nairobi, basi ulizia huko kwanza. Ukishaipata, wakili aangalie walichoahidi kukifanya ndani ya siku 21. Kama waliandika kwamba watakagua simu na kuchukua taarifa za mashahidi, na siku ya kurudi wanasema bado wanataka kukagua simu, basi swali ni moja: hizo siku 21 mlifanya nini? Simu ziko mikononi mwao, na hawezi kuziharibu akiwa Mumias. Leteni pia ushahidi wa makazi: barua ya chifu, leseni ya kibanda au risiti za kodi yake, wazazi waliopo mahakamani, hati ya kusafiria kama anayo ili iwekwe mahakamani. Hakimu anaweza kumwachilia kwa masharti, kwa mfano awe anaripoti kituoni kila wiki. Dhamana haikufutwa na sheria ya ugaidi. Ibara ya 49 inaitoa kwa kila mshukiwa isipokuwa kuwe na sababu nzito za kuinyima.

Kuhusu maelezo anayoshinikizwa atie sahihi: mwambieni asitie sahihi chochote kabla hajaonana na wakili. Ana haki ya kunyamaza. Kukiri kosa kunakubalika mahakamani tu kama kumefanyika mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi wa cheo cha Inspekta kwenda juu ambaye siye mpelelezi wa kesi hiyo, na pawepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Hicho ni kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi. Akiwa amepigwa au ametishwa, amwambie hakimu waziwazi siku ya kurudi mahakamani, aonyeshe majeraha, na wakili aombe agizo apelekwe hospitali na fomu ya P3, ile ambayo daktari huandika majeraha, ijazwe. Kutesa mtu ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017. Malalamiko pia yapelekwe kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mienendo ya polisi, ambayo ina ofisi Kakamega na Kisumu, na hawatozi pesa. Ibara ya 50 inaitaka mahakama itupe ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki ikiwa utaharibu usawa wa kesi. Jambo hili nalisema hata kwa maafisa wenyewe tunapokutana: kijana akipigwa hadi akakiri, na kweli alikuwa na hatia, mmeiharibu kesi yenu kwa mikono yenu.

Simu za wateja. Polisi wakichukua vitu wanapaswa kuandika orodha, basi ombeni nakala. Kufungua na kusoma yaliyomo ndani ya simu ni jambo jingine. Sheria ya Makosa ya Kompyuta na Mitandao ya 2018 inataka kibali cha mahakama ili data ipekuliwe, na kusikiliza mazungumzo ya mtu kwa ajili ya kesi kunahitaji amri ya Mahakama Kuu chini ya kifungu cha 36 cha sheria ya ugaidi. Ila jihadharini: mwaka 2014 kiliongezwa kifungu cha 36A kinachovipa vyombo vya usalama wa taifa nafasi pana zaidi ya kunasa mawasiliano, na Mahakama Kuu ilikiacha kisimame. Na kama kuna video mbaya iliyopatikana kwenye simu ya mteja, fundi hawi gaidi kwa kuwa ilikuwa mezani kwake. Mashtaka ya kuwa na kitu cha ugaidi yanataka ithibitishwe kwamba alijua alicho nacho na kwamba kilikuwa cha kuchochea, kuandaa au kutenda ugaidi. Daftari lake la kazi, lenye majina ya wateja na tarehe walizoleta simu, ni ushahidi mkubwa wa kumtetea. Lihifadhini, na mumpe wakili nakala.

Wazee wenu wanaohofia maandamano hawajabuni hofu yao. Mwaka 2025 vijana kadhaa waliokamatwa kuhusiana na maandamano walifunguliwa mashtaka ya ugaidi, na mawakili na mashirika ya haki walilipinga hilo vikali. Lakini sheria yenyewe, katika kifungu cha 2 kinachoeleza kitendo cha ugaidi ni nini, inasema kwamba kitendo kinachovuruga huduma kikifanywa katika maandamano au mgomo hakihesabiwi kuwa ugaidi, mradi hakikukusudiwa kudhuru watu, kuhatarisha maisha au afya ya umma, au kuharibu mali vibaya. Ushauri wangu: ibara ya 37 inawapa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha, na mkiamua, waarifuni polisi kwa maandishi mapema. Hata hivyo, wiki hii mimi ningetumia nauli ya vijana hao kuwafikisha wazazi mahakamani.

Wengine watakuambia usijisumbue, serikali ikishasema mtu ni gaidi imekwisha. Haijawa hivyo. Desemba 2014, baada ya mauaji ya Mandera, Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za usalama katikati ya vurugu ukumbini. Tarehe 23 Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu walifuta vifungu vinane vya marekebisho hayo, kikiwemo kilichoweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchini na kimoja kilichobana uhuru wa kusema na wa vyombo vya habari. Wiki chache baadaye Garissa ikashambuliwa, na katika hasira ya siku zile gazeti rasmi la serikali likachapisha orodha ya waliodaiwa kuhusishwa na ugaidi, yakiwemo mashirika mawili ya haki za binadamu ya Pwani, Haki Africa na MUHURI. Akaunti zao zilifungwa. Walienda Mahakama Kuu Mombasa, serikali ikashindwa kuonyesha uhusiano wowote na ugaidi, na kabla ya mwaka huo kuisha akaunti zikaamriwa zifunguliwe. Ilichukua miezi, na walikuwa na mawakili wazuri. Lakini walishinda kwa kudai jambo lile lile unalopaswa kulidai wewe: tuonyesheni ushahidi.

Kuhusu ada, usikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda huduma ya taifa kwa wasio na uwezo, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ina ofisi Kitale na Kisumu ambazo zitawaelekeza. Akifunguliwa mashtaka na hana wakili, ibara ya 50 inamruhusu kuomba apewe wakili kwa gharama ya serikali pale ambapo bila hivyo haki itapotea. Makosa haya yana vifungo vya hadi miaka 30, na maisha pale watu walipokufa, kwa hiyo ombi hilo lina nguvu.

Hesabu siku 21 kuanzia tarehe iliyo kwenye amri ya hakimu, wala si siku aliyochukuliwa. Siku ya kurudi mfike saa mbili asubuhi, kwa sababu maombi haya huweza kuitwa mapema na kuisha kwa dakika kumi. Ukipata namba ya kesi niandikie, nikutafutie wakili mwenzangu wa Nairobi atakayeisoma ile hati ya kiapo kabla ya siku hiyo.