Nimwambie au ninyamaze?

SWALI: Mchungaji, mweka hazina wa kwaya yetu ni rafiki yangu. Mara mbili nimemwona akichukua fedha za michango kwa shida zake, kisha akazirudisha kimyakimya. Nimemweleza dada mmoja tu, ili tumwombee. Je, nimseme mbele ya wanakwaya wote?

JIBU: Hapana, dada yangu. Na huyo "mmoja tu" naye alikuwa amezidi. Maombi mengi ya namna hiyo ni umbea uliovaa joho. Mathayo 18:15 inakutuma kwa mkosaji mwenyewe, mkiwa wawili. Mashahidi wanakuja aya ya 16, kanisa aya ya 17.

Mimi niliwahi kumkemea kijana mmoja kwa ujumbe wa simu, usiku, nikiwa na hasira. Nusu ya niliyoyasikia haikuwa kweli. Aliacha kuja ibadani, na msamaha nilioomba baadaye haukumrudisha. Tangu siku hiyo simwonyi mtu kwa maandishi.

Basi mtafute ana kwa ana. Sema ulichokiona, si unachokidhania: "Nilikuona ukitoa fedha kwenye bahasha ya michango. Nisaidie kuelewa." Halafu nyamaza, usikilize. Huenda ana deni linalomkosesha usingizi.

Lakini fedha hizo ni za wote, kwa hiyo usikubali kufichiana siri. Mwombe amweleze mwenyekiti mwenyewe, na ujitolee kumsindikiza. Akikataa, rudi na mtu mmoja mwenye busara. Yule dada mwache nyumbani.