Maswali ya Wasomaji: Gwiji wa roki anapopiga klabuni

Mhariri, salamu. Mwanamuziki wa roki ninayempenda tangu enzi za santuri anakuja kupiga klabuni Nyali. Nina miaka 66. Watoto wangu wameninunulia tikiti na wanataka nisimame mbele kabisa, chini ya jukwaa. Je, hapo ndipo penye sauti nzuri? Na masikio yangu yatastahimili?
*Mzee wa Likoni*

Mzee wetu, shikamoo. Mbele kabisa ni mahali pa kumwona, si pa kumsikia. Katika klabu ndogo sauti ya mwimbaji hutoka kwenye spika kubwa zilizo pande mbili za jukwaa, nazo huelekezwa kwa watu wa katikati ya ukumbi. Ukiwa mita moja tu kutoka jukwaani, sauti hiyo inakupita kushoto na kulia. Kinachokufikia moja kwa moja ni dramu na amplifaya ya gitaa. Ndiyo maana watu wa mbele hulalamika kwamba maneno hayasikiki na gitaa linachoma, ilhali fundi mitambo kule nyuma anasikia kila kitu sawasawa.

Tazama spika mbili zile zimeachana kiasi gani. Zikiachana mita 6, rudi nyuma mita 6 hadi 8, ukae katikati yao. Njia rahisi zaidi ni kutafuta ilipo mikisa, meza ya kuchanganyia sauti, na kusimama ubavuni mwa fundi, maana yeye hupanga sauti kwa kile anachosikia pale alipo. Usimkingie tu, anahitaji kuliona jukwaa. Kona ziepuke kabisa. Besi hujikusanya kwenye kuta na kona, ikavimba hata sauti ya mwimbaji ikamezwa.

Jengo nalo lina neno. Ukumbi wa makuti ulio wazi pembeni huiacha besi itoke, na makuti hayarudishi sauti kama ukuta, kwa hiyo muziki husikika mkavu na safi. Ukumbi wa zege wenye vigae, vioo na dari fupi hurudisha kila pigo la dramu mara kadhaa. Humo sogea karibu kidogo, ili sauti ya spika ikufikie kabla mwangwi haujaizidi nguvu. Usivunjike moyo bendi ikipima vyombo mapema na ukumbi ukavuma kama tangi tupu. Watu wakijaa, nguo na miili yao hufyonza sauti kali na mambo hutulia.

Sasa masikio, na hapa tunakusihi usifanye mzaha. Ukali wa sauti hupimwa kwa desibeli, na kikomo kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda salama hukatika nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Bendi ya roki katika chumba kidogo hufika 100 bila taabu, kwa sababu dramu peke yake haihitaji hata spika. Onyesho la saa mbili bila kinga ni kubwa kupita kiasi, na chembe za ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Brian Johnson, mwimbaji wa bendi ya roki ya AC/DC, alilazimika kuacha ziara mwaka 2016 kwa ushauri wa madaktari, kuokoa usikivu uliosalia.

Pamba haisaidii sana. Nunua vizibo vya sponji, vinavyopatikana kwenye maduka ya dawa na ya vifaa vya usalama kazini. Osha mikono, kizungushe kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 30 kivimbe. Hatua hii ya mwisho ndiyo watu huiruka, kizibo kikabaki nusu nje na kuzuia kidogo kuliko kilichoandikwa kwenye paketi. Ukizungumza na sauti yako mwenyewe ikavuma kichwani, kimekaa vizuri.

Tatizo la sponji ni kwamba huziba zaidi sauti nyembamba, kwa hiyo matoazi na herufi za mwimbaji hufifia. Kwa mpenzi wa muziki kama wewe, vipo vizibo vya mpira vyenye kichujio, vinavyopunguza sauti zote karibu sawa, desibeli 15 hadi 20. Vinagharimu zaidi, lakini vinaoshwa na kutumika miaka. Vivae kabla ya wimbo wa kwanza, si baada ya masikio kuanza kulia. Kati ya nyimbo toka nje dakika 10. Masikio yakilia hadi siku ya pili bila kupungua, au sikio moja likaziba ghafla, nenda kwa daktari wa masikio siku hiyo hiyo.

Nimesikia rekodi za maonyesho ya karibuni ya wanamuziki hawa wakongwe. Nyimbo zimeshuka, si sauti ile ya santuri. Wanatudanganya?
*Msomaji, Tudor*

Hapana, na tunawatetea kwa moyo mmoja. Umri ukienda, nyuzi za kooni hupoteza unyumbufu na pumzi hupungua, na noti za juu ndizo hutangulia kuondoka. Bendi inayojiheshimu huteremsha wimbo nusu toni au toni nzima, ili mzee aimbe kwa nguvu badala ya kupiga kelele. Mwimbaji Mwingereza Elton John amekuwa akiimba nyimbo zake za zamani chini zaidi tangu alipofanyiwa upasuaji wa koo mwaka 1987, na watu waliendelea kujaza viwanja.

Kwenye gitaa kuna njia mbili. Mpigaji anaweza kubadilisha mahali pa kushika, ila hapo hupoteza nyuzi zinazopigwa wazi, ambazo mara nyingi ndizo ladha yenyewe ya wimbo. Kwa hiyo wengi hulegeza nyuzi zote sita nusu toni. Nyuzi zikilegea huwa laini kwa vidole, jambo ambalo mpigaji mwenye maumivu ya viungo hulishukuru. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, aliyekatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa kijana, alizilegeza toni moja na nusu, na uzito uliotokana na hapo ukawa alama ya muziki wake. Uzi uliolegea sana hutetema ukigusa shingo ya gitaa, ndiyo sababu wapigaji huweka nyuzi nene zaidi.

Ukimwona mpiga gitaa akityuni nyuzi kila baada ya nyimbo mbili, mvumilie. Nyuzi za chuma zikipata joto la taa na mikono hurefuka, na sauti hushuka. Gitaa lililotoka chumba chenye kiyoyozi likaingia kwenye joto letu la Pwani litasumbua nusu saa ya kwanza. Jasho na hewa ya chumvi huzila nyuzi upesi pia.

Nikitaka wimbo fulani upigwe, nipande nimtuze kama tunavyofanya kwenye taarabu?
*Binti wa Kisauni*

Dada, kwenye taarabu kutuza ni sehemu ya onyesho na mwimbaji anakungoja. Jukwaa la roki halikuandaliwa hivyo. Sakafuni kuna waya za maiki, na mbele ya miguu ya mpiga gitaa kuna pedeli zake. Ukikanyaga moja, sauti inabadilika au inakatika katikati ya wimbo. Ukisogeza maiki ikaelekea spika ya sakafuni anayojisikilizia mwimbaji, ukumbi mzima utapigwa mluzi.

Andika jina la wimbo kwenye karatasi, herufi kubwa, umpe msaidizi wa bendi kabla ya onyesho. Usingoje katikati. Nyimbo hupangwa kwa mafungu kufuata jinsi magitaa yalivyotyuniwa, na wimbo wa ghafla unaweza kudai gitaa jingine kabisa.

Nataka anisainie jalada la santuri. Nichukue kalamu gani, na nimfuate saa ngapi?
*Msomaji, Mikindani*

Kalamu ya wino ya kawaida huacha mkwaruzo na wino haushiki kwenye jalada linalong'aa. Chukua maka peni nyeusi kwa jalada jeupe, na ya rangi ya fedha kwa jalada jeusi. Ile ya fedha itikise, uijaribu kwanza kwenye karatasi, maana tone la kwanza humwagika. Santuri yenyewe iache nyumbani, beba jalada tupu ndani ya mfuko mgumu. Saini ikishawekwa, ipe dakika 10 ikauke kabla hujairudisha mfukoni. Na ukitumia gari, usiiache santuri garini mchana hata siku moja. Jua la Mombasa huipinda ikawa kama bakuli.

Kabla ya onyesho usimfuate. Mwimbaji mzee anatunza koo, na kuongea kwa kushindana na muziki wa klabu humchosha kuliko kuimba. Baada ya onyesho mpe nusu saa apumue, abadili shati lililolowa. Nenda na kitu kimoja, viwili kwa wingi, umpe jina lako likiwa limeandikwa kwenye kikaratasi asikosee herufi.

Tikiti ikisema saa tatu usiku, bendi kuu mara nyingi hupanda saa tano au baadaye. Panga mapema tuktuk ya kukurudisha na mkubaliane bei kabisa. Wa Likoni, feri inavuka usiku kucha, lakini vyombo hupungua na kungoja hurefuka.