Uliza Ujibiwe: Kwa nini walilala chumba kimoja na ng'ombe?

SWALI: Mwanangu anasoma Grenoble, Ufaransa. Wakati wa likizo alipanda milimani hadi kijiji kinachoitwa Saint-Véran, akanitumia picha. Nyumba zina ghorofa ya magogo, na anasema zamani watu walilala chumba kimoja na ng'ombe, na mkate walioka mara moja kwa mwaka. Sisi huku Makete tunalima viazi milimani na baridi tunaijua, ila hilo limenishinda. Walikuwa maskini kiasi gani? Mbona hawakushuka bondeni? Pia anadai hakuna kijiji cha juu zaidi Ulaya. Ni kweli?
Mama mkulima, Makete

JIBU: Shikamoo, mama. Nilifundisha jiografia kwa miaka mingi, na milima ya Alps ni somo ambalo sijawahi kulichoka. Nianze na swali lako la mwisho. Saint-Véran kiko mita 2,040 hivi juu ya usawa wa bahari, kusini-mashariki mwa Ufaransa, katika bonde la Queyras, jirani kabisa na Italia. Wenyeji hujivunia kuwa wilaya ndogo yenye meya wake iliyo juu kuliko zote Ulaya. Lakini Uswisi kuna kitongoji cha Juf, mita 2,126, na watu wanaishi huko mwaka mzima. Kwa hiyo mwanao hajakosea sana, ila asibishane na Mswisi.

Sasa tuje kwenye ng'ombe. Mwinuko huo kwako si ajabu, maana kwenu Makete watu wanalima kwenye miinuko kama hiyo. Tofauti ni kwamba Makete iko karibu na ikweta. Baridi ya Juni na Julai inaunguza majani ya viazi, kisha inapita. Saint-Véran theluji hufunika ardhi karibu nusu mwaka, na muda wote huo ng'ombe hana hata jani la kung'ata. Lazima afungiwe ndani na kulishwa majani makavu yaliyokatwa kiangazi, na kiangazi chenyewe ni kifupi. Ukilielewa hilo, nyumba yote inaeleweka.

Chini ni chumba cha mawe chenye kuta nene. Humo walikaa watu, ng'ombe na kondoo, kitanda cha familia kikiwa kama kabati la mbao. Juu yake ni ghala refu la magogo ya mélèze, mti wa jamii ya misonobari unaopukutisha majani. Ghala hilo lilijazwa majani makavu, nayo yalifanya kazi mbili: kulisha mifugo na kuzuia joto lisitoroke kupitia darini. Miili ya wanyama ilipasha chumba usiku na mchana bila kuteketeza gogo hata moja. Kuni zilikuwa mali, mama. Msitu uko ng'ambo ya bonde, upande usiopata jua, na miti ya huko hukua taratibu mno. Kuna nyumba ambamo maisha hayo yaliendelea hadi miaka ya 1970.

Mkate nao ni hesabu ya kuni hiyohiyo. Walilima rai, nafaka ya jamii ya ngano inayovumilia baridi, wakiipanda mwishoni mwa kiangazi na kuivuna mwaka uliofuata. Mara nyingi ilivunwa kabla haijakauka vizuri, ndiyo maana ghala lina roshani zinazotazama kusini: miganda ilianikwa hapo ikamalizie kukauka kwa jua. Novemba tanuri la jumuiya liliwashwa. Kulipasha moto tanuri la mawe lililopoa kunakula kuni nyingi, kwa hiyo likishawaka kila familia ilioka mikate yake zamu kwa zamu, ya kutosha miezi na miezi. Ilikauka ikawa migumu hata kisu cha kawaida hakiwezi. Walitumia kisu kilichofungwa ncha yake kwenye ubao, ukakandamiza mpini kwa uzito wa mwili. Supu ndiyo iliyoilainisha.

Mwambie mwanao aangalie pia nafasi zilizoachwa kati ya mtaa na mtaa. Mbao na majani makavu vikishika moto, kijiji kizima kingeteketea. Ndiyo maana mitaa ilitenganishwa, na kila mmoja ukawa na maji yake yanayotiririka kwenye hori la mbao.

Unauliza walikuwa maskini kiasi gani. Fedha, ndiyo, ilikuwa haba. Lakini naomba nisisitize hapa, maana watu wa milimani hudharauliwa bure, huko na kwetu pia. Mwaka 1343 jumuiya za milima hiyo, Queyras ikiwemo, zilichanga fedha zikanunua uhuru wao kwa mtawala wa jimbo la Dauphiné, Humbert II: florini za dhahabu 12,000, na malipo ya dukati 4,000 kila mwaka. Tangu hapo walijichagulia viongozi na kugawana kodi wenyewe, hadi Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789. Mtu anayegawana kodi na mwenzake hana budi ajue kusoma na kuhesabu, na kipupwe kirefu kiliwapa muda wa kujifunza. Wanaume wa huko walishuka kila vuli kwenye magulio ya mabondeni kutafuta kazi ya ualimu, kofia zao zikiwa na manyoya ya ndege: moja kwa anayefundisha kusoma na kuandika, mawili akiongeza hesabu, matatu akijua na Kilatini. Mimi mwalimu hilo linanigusa sana.

Na kushuka, walishuka. Waprotestanti wengi walikimbia baada ya Louis XIV kuipiga marufuku imani yao mwaka 1685. Karne ya 19 na ya 20 viwanda na miji viliwavuta vijana, mashamba ya rai yakageuka malisho, na leo wakazi hawafiki 300. Waliobaki wanafuga, wanatengeneza jibini, na kupokea wageni wa kuteleza kwenye theluji.

Akirudi tena, aingie nyumba ya makumbusho ya Le Soum, iliyojengwa mwaka 1641. Pia ainue macho kwenye kuta: saa za jua zilizochorwa na Zarbula, fundi Mwitalia aliyezunguka vijiji hivyo karne ya 19, bado zinasomeka.