Transfoma ya kushusha volti: mkondo ndio unaowaangusha wengi

Wanafunzi wengi ninaowafundisha fizikia hupiga hesabu ya volti na mizunguko ya waya wa transfoma vizuri kabisa, kisha wakaanguka kwenye mkondo. Volti zimeshuka kutoka 240 hadi 12, nao wanaushusha mkondo pia. Ukiwauliza sababu, wanakutajia sheria ya Ohm, kwamba volti ni mkondo mara ukinzani. Sheria yenyewe haina kosa, ila wanaitumia kulinganisha saketi mbili tofauti.

Ndiyo maana siku hizi fomula naiweka kando kwanza. Koili ya msingi, inayopokea umeme, na koili ya upili, inayoutoa, hazijaunganishwa kwa waya. Kinachoziunganisha ni uga wa sumaku ndani ya kiini cha chuma. Mkondo geu unapopanda, kushuka na kugeuka, uga nao hubadilika, na badiliko hilo huzalisha volti katika kila mzunguko wa waya uliozunguka kiini, uwe wa msingi au wa upili, kwa kiasi kilekile. Tuseme msingi una mizunguko 1,000 na umepewa volti 240. Kila mzunguko una volti 0.24. Upili wenye mizunguko 50 utatoa volti 12. Ukilielewa hilo, uwiano wa mizunguko huna haja ya kuukariri, utauandika mwenyewe.

Sasa unganisha kwenye upili taa ya volti 12, wati 24. Hapa ndipo sheria ya Ohm inapofaa: ukinzani wa taa ni omu 6, basi inavuta ampea 2. Wati 24 zinazotoka lazima ziwe zimeingia, na kwa volti 240 ampea 0.1 inatosha. Volti zimepungua mara 20, mkondo umeongezeka mara 20.

Lakini msingi unajuaje kwamba taa imewashwa? Swali hili nalipenda kuliko yote, na nasikitika kwamba mara nyingi darasani linapitwa mbio. Mkondo wa upili hutengeneza uga wake unaoupinga ule uliouzalisha. Uga kwenye kiini unapoelekea kudhoofika, msingi huvuta mkondo zaidi kutoka kwenye chanzo na kuurudisha uga ulipokuwa. Taa ikizimwa, msingi hubaki na mkondo mdogo tu wa kukitia chuma usumaku. Kwa hiyo katika hesabu anza na kifaa kilichounganishwa, tafuta wati zake, ndipo urudi nyuma hadi kwenye msingi.

Ukipata transfoma ndogo iliyoharibika, ambayo haijachomekwa popote, ifungue. Waya wa msingi ni mwembamba na umezungushwa mara nyingi sana. Wa upili ni mnene, mizunguko yake michache. Pima ukinzani kwa mita: msingi utakupa omu nyingi, upili utakaribia sifuri. Unene ule upo kwa sababu ya ampea. Kisha tazama kiini. Si pande moja la chuma, ni mabamba membamba yaliyopakwa vanishi, ili kuzuia mikondo inayozunguka ndani ya chuma na kukipasha moto bure.

Swali likitaja ufanisi wa asilimia 80, usiipunguze volti. Kinachobadilika ni wati zinazoingia: 24 gawanya kwa 0.8 ni 30, hivyo msingi unavuta ampea 0.125.

Na ukiulizwa kwa nini transfoma haifanyi kazi kwa betri, "kwa sababu ni mkondo mnyoofu", yaani usiogeuka mwelekeo, ni jibu nusu. Taja uga usiobadilika. Mwaka 1831 Michael Faraday alizungushia koili mbili kwenye pete ya chuma, moja akaiunganisha na betri, nyingine na kipimo cha mkondo. Sindano ilicheza pale tu alipounganisha au kukata betri. Katikati ilitulia kwenye sifuri, ingawa mkondo wa betri ulikuwa ukiendelea kupita. Ukiipa koili ya msingi volti 240 za mkondo mnyoofu, hali ni mbaya zaidi: uga usiobadilika hauzalishi volti ya kuupinga mkondo, kinachobaki kuuzuia ni ukinzani wa waya peke yake, na koili inaweza kuungua.