Jibu: Kusoma barua pepe za ofisi ya Malindi ukiwa Lamu bila kufungua poti kwenye ruta

Salaam ndugu. Nimekuelewa hivi: seva ya barua pepe iko ofisini Malindi kwenye ruta ya 4G, inavuta barua kutoka kampuni inayowahifadhia domeini kila baada ya dakika 5, na zinazotoka zinapitia hukohuko. Meneja na mhasibu wako Lamu wanataka kuzisoma kwa simu. Fundi kafungua poti 993 (mlango wa mtandao wa kusomea barua) kwenye ruta, hola, na sasa anataka kuiweka seva nzima kwenye DMZ, yaani poti zake zote ziwe wazi kwa nje. Mzuieni kwanza.

Ingia kwenye ukurasa wa ruta, utazame anwani ya IP ya upande wa nje. Linganisha na ile unayoonyeshwa na tovuti yoyote ya kuangalia IP. Zikitofautiana, na ile ya ruta iko kati ya 100.64 na 100.127, au inaanza na 10, mko nyuma ya CGNAT: mtandao wa simu umewapa wateja wengi anwani moja ya nje, kwa hiyo anayebisha hodi kutoka nje haelekezwi kwenu. Fungueni poti zote 65,535, ni kazi bure. DDNS, huduma ya kufuatisha jina na IP inayobadilika, nayo itatangaza anwani ambayo si yenu peke yenu.

Dawa ni seva ya ofisi ianzishe yenyewe muunganisho kwenda nje. Kodisheni seva ndogo ya Linux yenye IP ya umma. RAM ya MB 512 inatosha. Hapo wekeni WireGuard, programu ya VPN (njia ya siri kati ya mashine), kwa poti 51820 ya UDP, na muifungue pia kwenye faiawoli ya paneli ya mnakokodi, maana hiyo husahaulika. Mipangilio iwe hivi: seva ya kukodi 10.20.30.1, seva ya ofisi 10.20.30.2, simu kuanzia 10.20.30.11. Kwa seva ya kukodi, kila kifaa kiandikwe AllowedIPs yake (anwani yake ndani ya njia hiyo) ikiishia na /32, yaani anwani moja tu, na ip_forward (ruhusa ya kupitisha data za wengine) iwe 1, la sivyo simu itafika kwa 10.20.30.1 na kuishia hapo. Kwa simu na kwa seva ya ofisi andika 10.20.30.0/24 (mtandao huu mdogo tu), si 0.0.0.0/0 (intaneti yote), ili bando za video zisizunguke kupitia seva ya kukodi. Seva ya ofisi iwe na PersistentKeepalive = 25 (ujumbe mdogo kila sekunde 25); bila hiyo mtandao wa simu husahau njia baada ya kimya kidogo, na mtu wa Lamu hapati kitu mpaka ofisi ianze kuongea tena.

Kila kifaa kipewe ufunguo wake. Ukinakili ufunguo mmoja kwenye simu na laptopu, WireGuard inakumbuka mahali pa mwisho tu ufunguo ule ulipotokea, basi vifaa viwili vitanyang'anyana laini kutwa nzima na mtasema mtandao ni mbovu. Faida nyingine: simu ikitumbukia baharini pale Mokowe, au ikiibiwa, mnafuta ufunguo ule mmoja na wengine wanaendelea na kazi.

Kuna watakaokushauri uelekeze poti 993 na 465 za seva ya kukodi kuingia ofisini, ili watu wasiweke WireGuard kwenye simu. Kwa watu wawili watatu sioni haja, na kuna mtego. Ukitumia masquerade (kubadilisha anwani ya mtumaji iwe ya seva ya kukodi), seva ya ofisi inaona kila mgeni wa duniani kana kwamba ni 10.20.30.1. Fail2ban, programu ya kufungia wanaokosea nywila, ikimfungia mdukuzi mmoja, imewafungia wote. Na kama mtandao wa 10.20.30.0/24 umo kwenye mynetworks (orodha ya wanaoaminiwa bila nywila) ya Postfix, programu ya kutuma barua, mshageuka kituo cha kurusha spamu bila nywila. Utoeni humo hata kama mnatumia WireGuard peke yake. Kila mtu atume kwa poti 465 na nywila yake. Poti 25 ya nje (ya seva kupeana barua) msiiguse kabisa.

Kwa jina, chukulia barua.kampuni.co.ke: lielekezeni kwenye 10.20.30.2 kwenye DNS ya umma (daftari la majina na IP). Cheti cha TLS (cha kuthibitisha seva na kusimba mawasiliano) cha Let's Encrypt, wanaotoa vyeti bure, mkipate kwa uthibitisho wa DNS, kwa sababu ule wa poti 80 hautafika. Kinadumu siku 90. Kikishajihuisha, Dovecot, programu ya kusomea barua, na Postfix ziambiwe zisome upya, la sivyo zitaendelea kutoa cheti cha zamani mpaka kife, na simu zianze kulalamika ilhali faili mpya iko pale pale. Ruta nyingine hutupa majibu ya DNS yenye anwani za ndani. Ikitokea kwenye Wi-Fi ya nyumba ya wageni, andika DNS ya umma kwenye programu ya WireGuard ya simu.

Barua fupi zikiingia na yenye ankara ya PDF ikakwama katikati, usihangaike na Dovecot. Hiyo ni MTU, ukubwa wa juu wa kila pakiti. Shusha kutoka 1420 hadi 1280 pande zote.

Sasa stima. Wezesha wg-quick@wg0 (huduma ya WireGuard) iwake pamoja na mashine, na kwenye BIOS chagua mashine ijiwashe umeme ukirudi. Kwenye Endpoint (anwani ya upande wa pili) andika IP ya seva ya kukodi, si jina: jina huulizwa mara moja tu wakati wa kuwaka, na ruta ya 4G mara nyingi huchelewa kuamka. Kisha angalia betri ya bodi, ile ya CR2032. Ikifa, saa inarudi nyuma miaka kila umeme ukikatika, na WireGuard inakataa salamu (handshake, ujumbe wa kuanzisha muunganisho) yenye saa ya nyuma kuliko iliyopita, ikidhani ni ya kurudiwa. Hakuna ujumbe wa kosa. Amri ya wg kwenye seva ya kukodi inaonyesha tu salamu ya mwisho ikizidi kuzeeka. Andika amri ya date kwenye seva ya ofisi, uone saa, kwanza kabla hujagusa kitu kingine.